Kadetten Schaffhausen: nyota tano kutoka kwa golikipa wa zamani

Nilidaka mpira wa mikono UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania, miaka mitatu mfululizo, uwanja wa vumbi, goli halina nyavu. Nikisema mechi ya Kadetten Schaffhausen, klabu ya mpira wa mikono ya Uswisi, inastahili nauli yako, nasema kwa macho ya golikipa.

Naishi Winterthur, mji wa Pfadi, klabu iliyotawala Uswisi miaka ya tisini, na mama mwenye nyumba wangu hakosi mechi yao. Ila mwanangu ana miaka tisa na ameshamchagua mtu wake: Óðinn Þór Ríkharðsson, winga wa kulia kutoka Iceland, aliyemaliza msimu wa 2022/23 akiwa mfungaji bora wa Ligi ya Ulaya. Basi Jumamosi tukapanda treni, nusu saa hivi, tukashuka Schaffhausen, tukachukua basi hadi Schweizersbild.

Ukumbi unaitwa BBC Arena. Hauhusiani na redio ya London tuliyokua tukiisikiliza. Ni herufi za Behr Bircher Cellpack, kampuni za Giorgio Behr, aliyeibeba klabu hii kwa miaka mingi. Ulifunguliwa 2011 na unaingiza watu wapatao 3,500. Kwangu huo ndio ukubwa unaofaa. Tulikaa nyuma ya goli, karibu kabisa, viatu vinalia sakafuni na golikipa anawafokea mabeki wake kwa sauti ambayo kwenye televisheni huipati.

Mwanangu aliniuliza jina maana yake nini. Makadeti. Zamani miji mingi ya Uswisi ilikuwa na vikosi vya vijana wa shule waliofundishwa gwaride, nidhamu na michezo, na klabu ilichipuka humo. Nao Pfadi? Jina lao ni skauti! Kwa hiyo watani wa jadi wa mpira wa mikono huku ni skauti na makadeti, jambo ambalo sisi tuliovaa skafu shuleni tunalielewa bila kuelezwa.

Ubingwa wa kwanza wa Kadetten ulikuja 2005, wakaongeza 2006 na 2007, na kufikia 2024 walikuwa nao 14. Mwaka 2010 walifika fainali ya Kombe la EHF, shirikisho la mpira wa mikono la Ulaya, wakafungwa na TBV Lemgo ya Ujerumani. Golini siku hizo alikuwa Björgvin Páll Gústavsson, aliyetoka kuchukua medali ya fedha ya Olimpiki ya Beijing na Iceland. Kwa klabu ya mji mdogo, kumpata golikipa wa namna hiyo si mchezo. Baadaye alikuja hata Joan Cañellas, bingwa wa dunia wa 2013 na Hispania, na mwaka 2023 timu ikakabidhiwa Hrvoje Horvat, aliyekuwa kocha wa timu ya taifa ya Croatia. Wageni wamechanganywa na vijana wa Kiswisi, na ndicho ninachokipenda zaidi: mgeni analetwa kujaza nafasi, si kumfukuza mtoto wa nyumbani. Wanaosema ubingwa mwingi hivyo unaichosha ligi, nawaelewa. Lakini 2021 Pfadi waliuchukua, na mama mwenye nyumba bado ananikumbusha.

Sasa niwaambie nilichokiona cha kunitoa machozi. Penati ya mita saba dhidi ya Kadetten. Mpigaji akainama, akachota gundi iliyopakwa nyuma ya kiatu, akaifikicha vidoleni. Gundi hiyo inatengenezwa kwa utomvu, ndiyo inayomwezesha mtu kuushika mpira kwa mkono mmoja na kuupindisha. Sisi tulitemea mate viganjani. Golikipa akasogea mbele hatua mbili, mikono juu, hakupepesa jicho. Jamaa akajifanya anatupa, akazuia mkono, akatupa chini kwenye nyonga. Mguu ulikuwa umeshafika! Ukumbi mzima ukasimama, nami nikajikuta nimenyoosha mguu kwenye kiti changu.

Chakula ni soseji ya kuchoma, mkate na haradali; kinashibisha, basi. Wenye watoto wadogo chukueni vizibo vya masikio, ngoma hazinyamazi dakika zote sitini.

Filimbi ya mwisho ilipolia, watoto waliruhusiwa kuingia uwanjani. Mwanangu aliokota mpira wa mechi, akaukumbatia, akajaa gundi mpaka kwenye viwiko. Msihangaike na sabuni, haitoki. Pakeni mafuta ya kupikia, sugueni kwa kitambaa kikavu, ndipo mnawe.