Wakala wa vibali Mombasa: karatasi wanazijua, pensheni hawaijui (nyota 3 kati ya 5)

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Kwa kunishughulikia kibali cha kuishi Kenya kama mstaafu walinitoza shilingi 85,000 za Kenya, nusu nililipa siku ya kufungua faili na nusu kibali kilipotoka. Hiyo ni ada yao wenyewe. Ada ya serikali ni nyingine, inalipwa kupitia eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali ya Kenya, na inahesabiwa kwa kila mwaka wa kibali. Ukitajiwa jumla moja, waambie wazitenganishe. Mimi nilizitenganisha kwa kalamu yangu pale pale mezani, kijana wa ofisini akacheka, lakini karatasi ile ndiyo iliyoniokoa baadaye walipotaka kuniongezea "gharama za ufuatiliaji".

Jina la ofisi silitaji. Nina malalamiko nao na sitaki kuburutana. Iko upande wa Nyali, ghorofa ya pili, na lifti imebandikwa karatasi ya "mbovu" tangu siku ya kwanza niliyokwenda, Januari 2025. Mtu wa miaka 67 mwenye magoti kama yangu anazihesabu zile ngazi. Ziko 34.

Mimi ni mzaliwa wa Ngamiani, Tanga, 1958. Nilikwenda Uingereza mwaka 1988, nikafanya kazi ya msaidizi wa wauguzi hospitalini, mji wa Reading, mpaka mgongo ukasema basi. Mwaka 2005 nikala kiapo cha uraia wa Uingereza. Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo siku ile niliyopigwa picha na meya nikiwa na bendera ndogo mkononi, ndiyo siku niliyogeuka mgeni kwetu. Mtaniuliza mbona basi sikurudi Tanga nikahangaika na vibali vya huko. Jamani, Tanga nimebaki na makaburi. Dada yangu aliolewa Mombasa, anakaa Tudor, na ndiye pekee aliyebaki wa kuniambia nimekosea chumvi. Nimemfuata yeye.

Basi mimi, mtu wa pwani niliyelelewa kwa mahamri na mbaazi, nikapanga foleni ya kibali kama Mzungu yeyote aliyechoshwa na baridi.

Kibali chenyewe ni cha Daraja la K, mawakala wanakiita "klasi K". Ni cha mtu anayetaka kuishi Kenya kwa kipato chake bila kufanya kazi. Masharti yake makubwa ni machache: uwe umetimiza miaka 35, uwe na kipato cha uhakika kisichopungua dola 24,000 kwa mwaka, na uahidi kwamba hutashika kazi ya mshahara. Hilo la kazi lilinichekesha, kwa sababu nilikwenda huko ili nisifanye kazi. Lakini wiki ya pili tu jirani ana zahanati, ananiambia, "Dada, njoo unisaidie asubuhi tu, nitakupa kitu kidogo." Hicho kitu kidogo ndicho kinachokutoa nchini. Nikamwambia nitakuja kunywa chai.

Sasa, ofisi. Kijana aliyenipokea hakuniamkia shikamoo, akasema "Karibu mama, habari yako." Mombasa ndivyo walivyo, shikamoo yetu ya Tanga kwao haina uzito huo, nimeshazoea. Ila alisimama nilipoingia, akanivutia kiti, akamwita msichana alete maji. Adabu wanayo. Akatoa orodha iliyopigwa chapa vizuri: barua ya maombi, nakala za pasipoti, picha, ushahidi wa kipato, na kadhalika. Kila karatasi ina kisanduku cha kuweka tiki. Kwa upande huu nawapa nyota zao bila kinyongo. Walijua ni nakala zipi zigongwe muhuri wa wakili na zipi hazihitaji, walijua mfumo wa maombi mtandaoni unakataa picha ya ukubwa gani, na nilipokosea tarehe moja kwenye fomu waliiona kabla haijatumwa. Nilikwisha kujaribu kujaza peke yangu nikiwa Reading, nikaishia kufunga kompyuta kwa hasira.

Tabu ilianza kwenye hesabu.

Nilikuwa na barua mbili. Moja ya pensheni ya serikali ya Uingereza, ambayo mwaka ule ilikuwa pauni 221.20 kwa wiki, kiwango kamili kwa mtu aliyechangia miaka 35. Ya pili ya pensheni yangu ya kazi ya NHS, yaani huduma ya afya ya umma ya Uingereza, pauni 8,100 kwa mwaka. Kijana akazidisha mara 52, akajumlisha, ikaja pauni 19,602. Akafungua simu kutazama bei ya pauni. Katikati ya Januari 2025 pauni ilikuwa imeshuka, inacheza kwenye dola 1.22. Akazidisha tena. Akanyamaza. Akanigeuzia simu nione mwenyewe: 23,914.

Nimepungukiwa dola 85 na senti. Miaka yote ile ya kufua mashuka na kugeuza wagonjwa, nimekwama kwa pesa ya viatu.

"Mama, tutaandika takriban 24,000," akasema. Nikamwambia sisi hatuandiki takriban kwenye karatasi ya serikali ya watu. Akaja na la pili: mwanangu aliyeko Reading aandike barua kwamba ananitumia pauni mia tano kila mwezi. Mwanangu naye, alipopigiwa simu, akawa tayari kabisa, mtoto mwema yule. Lakini nilikuwa nimeshasoma kanuni yenyewe usiku uliotangulia, dada analala mimi nasoma kwenye simu. Inataka kipato kiwe cha mwombaji mwenyewe, kwa haki yake, na awe huru kukitumia atakavyo. Hisani ya mtoto si kipato changu. Leo anatuma, kesho ana harusi. Nikamsomea kijana kile kifungu. Akasema, "Wengi wanapitisha hivyo, mama." Huenda. Mimi siyo wengi.

Nikarudi Uingereza kusubiri Aprili.

Hapa ndipo nataka mnisikilize, hasa nyinyi mliofanya kazi Uingereza na mnapiga hesabu za kurudi pwani. Kila Aprili pensheni ya serikali inapandishwa. Aprili 2025 ilipanda kwa asilimia 4.1, ikafika pauni 230.25 kwa wiki. Ya NHS ikapanda kwa asilimia 1.7. Jumla yangu ikawa pauni 20,210 na kidogo. Niliporudi Mombasa Julai, pauni nayo ilikuwa imepanda mpaka dola 1.35, na hesabu ikatoka 27,284. Kijana akashangilia kama amefunga goli yeye. Akanichapia jedwali la miaka mitano, la rangi, kumwonyesha afisa wa Uhamiaji kwamba kipato changu kitaendelea kukua: kila mwaka ameongeza asilimia tatu kwenye pensheni zote mbili.

Jedwali zuri, na la uongo. Sisemi alidanganya, alikuwa hajui, na hilo ndilo linalonitisha zaidi. Pensheni ya serikali ya Uingereza ukihamia Kenya inagandishwa. Kiwango ulichoondoka nacho ndicho utakachokula mpaka unazikwa. Ni vivyo hivyo Tanzania, ni vivyo hivyo hata Kanada na Australia. Ukihamia Marekani, au Jamaika, au Mauritius hapo jirani, inaendelea kupanda kila mwaka, kwa sababu nchi hizo zina makubaliano na Uingereza. Aliyehamia Kenya mwaka 2016 na pensheni mpya kamili ya pauni 155.65 kwa wiki bado anapokea hizo hizo 155.65, wakati mwenzake aliyebaki Reading alikuwa anapokea 230.25 mwaka 2025. Tofauti ni karibu pauni 3,900 kwa mwaka. Pensheni ya NHS haina mchezo huo, inapanda popote ulipo. Kwa hiyo kwenye lile jedwali mstari mmoja ulikuwa sahihi na mwingine ulikuwa ndoto.

Nilimwambia aufute. Akasita, akasema jedwali "linaonekana vizuri kwenye faili". Nikachukua kalamu.

Kisha nikamwomba anifanyie hesabu nyingine, ambayo kwa maoni yangu ingepaswa kuwa ya kwanza kwenye orodha yao yenye visanduku: pauni ishuke mpaka wapi ndipo nianguke chini ya 24,000? Jibu ni dola 1.19 hivi. Si mbali. Septemba 2022 pauni ilianguka chini ya dola 1.10, wote tuliokuwa Uingereza tunaukumbuka mwezi ule. Kwa bei ya 1.10 kipato changu kinakuwa dola 22,231, na kibali kikiisha wiki hiyo hiyo nimekwisha. Ndiyo maana sikuuza kile chumba na sebule changu cha Reading. Nimekipangisha, na kodi yake, baada ya kutoa ya fundi wa boila, ndiyo mto wangu wa kuegemea. Wakala hakunishauri hilo. Alinishauri ninunue shamba Kilifi.

Ndiyo, shamba. Ana binamu, kama kawaida. Kiwanja karibu na bahari, hati ya milele, "mama utawaachia wajukuu". Mgeni Kenya hapewi ardhi ya milele. Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inampa mgeni ukodishaji usiozidi miaka 99, na hati ikiandikwa vingine inahesabiwa kuwa ni ya hiyo 99 tu. Nilipomtajia namba ya kifungu aliangalia saa. Nimepanga Tudor kwa shilingi 38,000 kwa mwezi, vyumba viwili, upepo wa mchana unaingia jikoni, na dada yuko hatua mia moja.

Matibabu nayo hawakuyagusa kabisa, zaidi ya kusema "kuna bima nyingi". Bima nyingi zipo, lakini jaribu kuingia mpya ukiwa na miaka 67 na presha. Kampuni mbili zilinikataa kwa sababu ya umri peke yake, ya tatu ilinipokea kwa bei iliyonifanya nikae chini. Na msijidanganye na pasipoti nyekundu au ya buluu: matibabu ya bure ya NHS yanafuata kuishi Uingereza, hayafuati uraia. Ukihama umehama. Kenya yenyewe tangu Oktoba 2024 ina mamlaka mpya ya bima ya afya ya umma, SHA, iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa NHIF, na mgeni anayekaa zaidi ya miezi 12 anatakiwa kujiandikisha, lakini mimi ningeweka pesa ya bima binafsi kwenye bajeti kabla sijakata tiketi.

Maombi yalipotumwa, sifa irudi tena kwao. Kila Ijumaa nilipata ujumbe wa sauti kwenye WhatsApp, hata kama habari ni kwamba hakuna habari. Wiki ya tisa mfumo ulidai barua ya benki mpya, wakaniambia saa hiyo hiyo, tukaituma jioni. Wiki ya kumi na moja kibali kikatoka, cha miaka miwili. Msichana wa maji, ambaye nimegundua ndiye anayefanya kazi yote mle ndani, akanisindikiza kuchukuliwa alama za vidole kwa ajili ya kitambulisho cha mgeni, akanishikia mkoba, hakuomba hata nauli. Nilimpa. Ningekuwa mwenye ofisi ningempandisha cheo na yule kijana wa majedwali nikamweka kwenye maji.

Kwa hiyo ningewatumia tena? Kwa kupeleka karatasi, ndiyo, na kibali kikikaribia kuisha nitapanda tena zile ngazi 34. Kwa ushauri wa pesa, hapana. Nendeni mkiwa mmeshapiga hesabu zenu nyumbani, kwa bei mbaya ya pauni na si nzuri, na pensheni ya serikali mkiwa mmeigandisha.

Nyota ya nne nilikuwa tayari kuwapa. Imezuiliwa na shilingi 6,500 walizonitoza kwa "tafsiri rasmi ya cheti cha kuzaliwa kutoka Tanzania kwenda Kiingereza". Cheti changu ni cha 1958. Kilitolewa na Mwingereza, kwa Kiingereza, kimeandikwa Tanganyika juu. Nimewatumia picha yake mara tatu. Wamesoma, tiki mbili za buluu zinaonekana, na hela yangu bado iko kwao.