Nililipa Ili Nikafundishe Bure: Miezi Mitatu Can Tho

Mama anauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza, kwa hiyo kwenye hesabu humdanganyi. Nilipomwambia nimepata nafasi ya kujitolea kufundisha Kiingereza kwenye chuo kikuu mjini Can Tho, Vietnam, aliuliza kitu kimoja tu: "Yaani mwanangu, kazi uwafanyie wewe, na hela uwape wewe?" Nilikosa jibu. Wakala alitaka dola 480 za kuniunganisha. Nauli juu yangu, bima juu yangu, pasipoti ya shilingi 150,000 juu yangu.

Haki yao niwape: chumba kilikuwepo, kisafi, na uwanja wa ndege nilipokelewa. Basi.

Kwenye viza ndipo tulipokosana. Wakala alinitaka niingie kwa viza ya utalii, eti wote wanafanya hivyo. Viza ya utalii si ya kufundishia, na ukikamatwa unakamatwa wewe, wakala yuko zake ofisini. Niligoma, nikaiandikia barua pepe idara ya Kiingereza moja kwa moja, na chuo chenyewe kikanishughulikia viza inayostahili. Wiki sita nilikaa Igoma begi likiwa limefungwa, majirani wakiuliza kulikoni.

Darasa la watu 20 nililoahidiwa nikalikuta lina 47, mtaala hakuna. Siku ya kwanza binti mmoja aliuliza kwa adabu zote, yule mwalimu mzungu wa kwenye tangazo atafika lini. Nikamwambia ameshafika, ila alipitia Usukumani. Hawakucheka. Walikuja kucheka wiki ya pili.

Wavietnam wengi humeza sauti ya mwisho ya neno la Kiingereza. Like, light, life: zote nilisikia "lai". Ugonjwa wetu Waswahili ni kinyume chake, neno lisipoisha na irabu hatulali, ndiyo maana tuna benki na skuli. Nikaona niwaambukize. Nikaandika ubaoni laiki, laiti, laifu. Tukasoma darasa zima kwa sauti, kisha kila mzunguko tukaipunguza ile irabu ya mwisho, ikawa mnong'ono, ikabaki pumzi. Kijana wa mbele alishika kipande cha karatasi karibu na mdomo aone kama kinatikisika. Mzunguko wa nne kikatikisika, "k" ikasikika, akageuka kuwaonyesha wenzake kama aliyevua sangara wa kilo hamsini. Kile cheti changu cha ualimu wa Kiingereza, cha saa 120 cha mtandaoni, hakikuwa na somo hilo.

Can Tho iko kando ya mto, tawi la Mekong, na ina viwanda vya minofu kama kwetu, ila wao ni kambale wa kufuga. Sikujisikia mgeni sana. Tarehe 20 Novemba, siku yao ya walimu, nilirudi chumbani na maua hadi nikakosa pa kuyaweka. Muda wote waliniita cô, yaani mwalimu wa kike, na hakuna aliyeniuliza tena habari za mzungu.

Wakala nyota mbili, wanafunzi tano. Mwenye nia aanze na idara ya chuo, aulize darasa lina watu wangapi na viza anashughulikia nani, ndipo atoe senti. Barua ya idara nilipewa siku naondoka, nimeshaiambatanisha kwenye maombi mawili ya ajira. Cheti cha wakala kilikuja baada ya miezi minne, jina langu limekosewa.

Mama bado anauliza kama zile dola 480 zinarudi. Hazirudi, nimeusoma mkataba mara mbili.