Vifaranga vya sato Moshi, wazuri ila jipange na muda

Wadau wa mabwawa Moshi na Arusha, mnaoniuliza vifaranga nilichukua wapi, ni kwa jamaa wenye kituo cha kuzalisha huku tambarare chini ya mji (jina njoo inbox, maana nina la kulalamika pia nisije nikawaharibia biashara). Kwanza eneo lenyewe wamepatia, sato (tilapia) anapenda maji ya nyuzi 27 mpaka 30 hivi, sasa wewe zalishia kule juu Marangu kwa maji ya mfongo (mfereji wa kutoka mlimani, baridi tupu) uone, utasubiri mpaka uzeeke.

Wanakuruhusu kuingia ndani kuona, hii nimeipenda sana. Sato jike anaatamia mayai mdomoni, basi dada wa pale anamshika mama wa watu, anamfungua mdomo taratibu, anayasukutua mayai yote kwenye beseni halafu yanaenda kwenye mitungi ambayo maji yanapita muda wote yakiyageuzageuza mpaka yaanguliwe. Wakishaanza kula wanapewa chakula chenye homoni kama wiki tatu nne hivi ili wawe madume, maana majike wakianza kuzaa bwawani kwako mnajaa, chakula kinagombaniwa, wote wanadumaa. Na dada akasema wazi kabisa kwamba mia kwa mia haipo, majike wachache watapenya tu. Wa mtaani wanakuapia madume tupu halafu baada ya miezi kadhaa unavuta nyavu unakuta wajukuu!

Saizi wamelingana aisee, wanawachambua kweli. Kwa kambale usikubali kabisa wasiochambuliwa, yule mkubwa anammeza mwenzake mchana kweupe, unaweka bwawa zima unakuja kuvuna mabaunsa watatu.

Sasa lalamiko. Niliambiwa nifike saa mbili asubuhi, nimefika, mtungi wa oksijeni umeisha, kijana katumwa mjini na bodaboda, nimefungiwa mzigo saa sita jua la utosini na mimi bado nina safari ya Arusha. Samaki walikuwa wameshindishwa njaa tangu jana yake ili wasichafue maji ya safarini, hapo sawa, mifuko nayo ilifungwa vizuri, maji theluthi, sehemu iliyobaki oksijeni. Ila joto lile la njiani jamani! Waliokufa ni wachache nashukuru, lakini sikupaswa kuwa na presha ile. Pia kuhesabu, wanahesabu kikombe kimoja halafu wanazidisha kwa vikombe, simamia mwenyewe vingine vyote vijae sawasawa na hicho cha kwanza.

Bei iko juu kidogo kuliko ya mtaani, mi naona ni halali. Wa Ngaramtoni na kwenye baridi baridi huko chukueni wakubwa kidogo, na mkifika nyumbani msimwage mzigo kama uchafu, acheni mfuko uelee bwawani dakika 15 au 20 kwanza joto la maji lilingane ndo mfungue. WhatsApp hawajibu, piga simu, na uulize oksijeni ipo kabla hujatoka kwako.