Walimwondoa Maelor, nami nimeondoa nyota mbili

Nyota tatu kati ya tano kwa sizoni ya pili ya House of the Dragon, tamthilia ya ukoo wa wapanda majoka wanaopigana wenyewe kwa wenyewe kugombea ufalme. Ya kwanza niliipa tano bila kusita. Hizo mbili zilizopungua ni za mtoto wa miaka miwili ambaye kwenye kitabu yupo na kwenye tamthilia hayupo. Kama hujui namzungumzia nani, basi hiyo ndiyo hasara yenyewe.

Anaitwa Maelor. Nilipomwambia kijana wa libreri moja ya Mwanjelwa, wale wanaotuwekea filamu kwenye flashi, kwamba kuna mtoto amekatwa kwenye hadithi, hakutoa hata macho kwenye kompyuta yake. "Kaka, mtoto mmoja tu, ana shida gani? Chukua flashi yako, wenzako wanasubiri." Hao wenzangu walikuwa wawili na hawakuwa na haraka yoyote. Niliondoka, lakini swali lake sijalisamehe, na nitalijibu hapa kwa kirefu kwa sababu hata wapenzi wa kweli wa tamthilia hii hapa Mbeya wanaliuliza, ila kwa adabu kidogo.

Kwanza muelewe kitabu ambacho tamthilia imechotwa humo. Fire & Blood, kilichotoka 2018, si riwaya ya namna ya zile tano ambazo Game of Thrones ilichotwa humo. Kule kila sura inamfuata mhusika mmoja na unaingia kichwani mwake. Huku George R. R. Martin ameandika kana kwamba ni kitabu cha historia. Anayesimulia ni mwanazuoni, Gyldayn, miaka mingi baada ya vita, naye anapanga mashahidi waliogombana. Yupo Septon Eustace, mtu wa dini anayeegemea upande wa Aegon, anayegombea kiti cha ufalme na Rhaenyra, dada yake wa baba mmoja. Yupo Munkun, mwanazuoni mwingine, aliyetegemea maelezo ya Orwyle, mwanazuoni wa ikulu wakati wa vita. Na yupo Mushroom, mchekeshaji wa ikulu, ambaye kila habari yake ina uchafu ndani. Mtu wa Iringa aliyesikia habari za Mkwawa kwa wazee wa Kalenga, halafu akasoma waliyoandika Wajerumani, hahitaji kufundishwa kusoma kitabu cha namna hii. Unashika hapa, unashuku pale, na palipo kimya unajaza mwenyewe.

Kwa hiyo mimi si katika wale wanaotaka kila neno la kitabu lionekane kwenye skrini. Kitabu kama hiki hakiwezi kuigizwa bila kujazwa. Alicent, mama yake Aegon, kwenye kitabu anamzidi Rhaenyra kama miaka tisa, ila tamthilia imewafanya marafiki waliokua pamoja, na hapo vita vimepata kidonda ambacho kitabu hakikuwa nacho. Mfalme Viserys, baba yao Aegon na Rhaenyra, kwenye kitabu ni mtu mwema, mnene, mpenda karamu, basi. Yule aliyeigizwa na Paddy Considine, anayeoza mwili huku akijikokota kwenda kukalia Kiti cha Chuma ili amtetee binti yake, ni mtu mwingine kabisa, na Martin mwenyewe alikiri kwamba huyo wa tamthilia amempita wa kwake. Hata kifo cha Lucerys, mwana wa Rhaenyra, angani kwenye mvua ya ngome ya Storm's End, ambapo Aemond, ndugu wa Aegon, anashindwa kumzuia joka lake Vhagar, nakikubali. Ni badiliko kubwa, lakini linazaa kitu. Aemond anabaki na uovu ambao hakuukusudia na hawezi kuukana.

Sasa njooni kwenye kipande cha kwanza cha sizoni ya pili, kilichotoka Juni 2024. Kinaitwa "A Son for a Son", yaani mwana kwa mwana, na sura ya kitabu inayobeba tukio hili ina maneno hayohayo kwenye kichwa chake. Wameazima jina na kuacha kilichomo.

Kwenye kitabu mambo yako hivi. Helaena, mke na dada wa Aegon, ana watoto watatu: mapacha Jaehaerys na Jaehaera, wa miaka sita, na Maelor, wa miwili. Kila jioni huwapeleka kwa bibi yao Alicent kabla ya kulala. Wauaji wawili waliotumwa kulipiza kifo cha Lucerys, Blood na Cheese (huyu ni mkamata panya wa ikulu), wanapita njia za siri za ikulu, wanamfunga Alicent na kumziba mdomo, kisha wanasubiri. Helaena anaingia na wanawe. Wanamwambia wamekuja kuchukua mtoto mmoja wa kiume, naye achague yupi. Anawaomba wamuue yeye, wanakataa. Wanamtishia kwamba asipochagua watawaua wote. Mwishowe anamtaja Maelor. Hapo msimulizi anasita juu ya sababu tu: pengine kwa kuwa ni mdogo, hataelewa. Cheese anamwambia yule mdogo kwamba mama yake ametaka afe. Halafu Blood anamkata kichwa Jaehaerys.

Soma hapo mara mbili. Mama amemtoa mmoja, wakaua mwingine, na yule aliyetolewa akabaki hai mbele ya macho yake. Kuanzia siku hiyo Helaena hali, haogi, na hawezi kumtazama Maelor usoni. Kichinjo chenyewe ni sekunde chache. Kinachomvunja ni kuamka kila asubuhi na kumkuta yule aliyemtaja bado anapumua.

Kwenye tamthilia ana mapacha tu. Wauaji wanakuta watoto wamelala, hawajui yupi ni wa kiume, wanamuuliza. Anawapa mkufu wake, hawautaki. Anamwonyesha yule wa kiume kwa kidole, anambeba binti yake, anatoka. Tunasikia sauti tu. Phia Saban, anayemwigiza Helaena, ameigiza vizuri sana hapo, uso wake unatisha kwa ule utulivu, nami sitamnyima haki yake. Lakini tazama alichopewa aigize. Wauaji walitaka mtoto wa kiume na wa kiume ni mmoja, kwa hiyo hakuna cha kuchagua. Ameombwa maelezo, akayatoa. Tena anakimbilia chumbani kwa mama yake na kumkuta kitandani na Criston Cole, mkuu wa walinzi, na ghafla tukio linamhusu Alicent na aibu yake. Katika jumba lote la mfalme, wakati wa vita, mlangoni kwa watoto hakuna mlinzi hata mmoja. Kwenye kitabu Helaena ana mlinzi, naye anauawa.

Mpaka hapo unaweza kusema ni suala la ladha. Nami kwa muda nilisema hivyo, nikafikiria kurudisha nyota moja. Kisha nikaanza kufuata huyo mtoto anakwenda wapi kwenye kitabu.

Rhaenyra anapouteka mji mkuu, King's Landing, Maelor anatoroshwa akiwa na askari mmoja tu, Rickard Thorne. Wanafika Bitterbridge, wanatambuliwa, na umati unamrarua mtoto. Daeron, ndugu wa Aegon, anakuja na joka lake Tessarion kulipiza, mji unateketea. Habari zinafika King's Landing. Helaena anajirusha dirishani na kuangukia vyuma vya ncha kali chini. Mjini unavuma uvumi kwamba ameuawa kwa amri ya Rhaenyra, na watu walikuwa wanampenda. Usiku huohuo ghasia zinaanza. Umati unavamia Dragonpit, jengo la kufugia majoka, na majoka manne yaliyofungwa humo yanakufa. Syrax, joka la Rhaenyra, linakufa nalo, na mwanawe Joffrey anafia kwenye jaribio la kulipanda. Rhaenyra anakimbia mji wake mwenyewe.

Majoka matano, malkia wawili, mrithi mmoja na mji mkuu mzima. Hiyo ndiyo "shida" ya mtoto mmoja, kaka wa libreri. Toa kokwa hilo moja kwenye ushanga uone kitakachobaki kwenye uzi.

Na si mimi tu ninayepiga kelele. Septemba 2024 Martin mwenyewe aliandika kwenye blogu yake maelezo marefu kuhusu jambo hili hili, akayaondoa muda mfupi baadaye. Alieleza kwamba Ryan Condal, anayeiongoza tamthilia, alimpa sababu za kazi: mtoto wa miaka miwili ni mgumu kupata, anachelewesha upigaji picha, na gharama zinapanda. Martin alikubali shingo upande kwa sababu aliambiwa Maelor angezaliwa baadaye kwenye hadithi. Baadaye akajua hazaliwi tena.

Sababu za kazi nazielewa. Mtoto wa umri huo halali wala haamki kwa ratiba ya kamera, na huwezi kumweka kazini saa nyingi kama mtu mzima. Ila Maelor hahitaji kusema neno. Anahitaji kubebwa mgongoni kwenye kipande cha kwanza, kukaa mapajani kwa bibi yake kwenye vipande viwili vitatu, na kuonekana akipandishwa farasi usiku. Wamepata pesa za kuonyesha majoka matatu yakipigana kwenye ngome ya Rook's Rest, wakakosa za mtoto wa kubebwa?

Kwa hasira hiyo nikarudi kuitazama sizoni nzima upya, na mambo niliyokuwa nimeyameza yakanikwama. Nettles, kwa mfano. Kwenye kitabu ni msichana mweusi, maskini, hana ukoo wowote wa kujivunia, anayempata joka mwitu aitwaye Sheepstealer kwa akili: kila asubuhi anampelekea kondoo aliyechinjwa hivi karibuni, mpaka joka linamzoea. Yeyote aliyefuga kitu huku kwetu, iwe ng'ombe wa Tukuyu au mbwa wa Makete, anajua kwamba mnyama anashikwa kwa chakula na subira. Ni mbinu ya mtu wa kawaida, ndiyo maana inauma kwa wale wanaodai majoka ni ya damu ya kifalme. Tamthilia imemtupa, na joka mwitu wa aina hiyo wamempeleka Vale, nchi ya milimani, na anayemfuata huko ni Rhaena, binti wa Daemon mume wa Rhaenyra, ambaye damu hiyo tayari anayo. Hoja yote imeyeyuka.

Halafu kipande cha nane, Alicent anavuka bahari kwa siri kwenda Dragonstone, kisiwa cha Rhaenyra, kumpa mji mkuu, na kukubali Aegon auawe. Tukio hilo kitabuni halipo. Mama aliyepoteza mjukuu kwa kisu anakuja kumkabidhi mwanawe kwa mikono yake! Kama wangekuwa na Maelor, wangekuwa tayari na mama aliyelazimishwa kumtaja mwana, na wasingehitaji kubuni mwingine anayejitolea. Nyota mbili. Nilisema tatu, nafuta.

Kwa wanaotaka kuitazama hata hivyo, na nawashauri mtazame, epukeni ile iliyotafsiriwa kwa sauti inayozunguka mitaani. Niliyoipata mimi, wakati muuaji anauliza mtoto wa kiume ni yupi, mtafsiri bado alikuwa anaeleza habari za mkamata panya na mbwa wake, swali likapita. Chukueni ya Kiingereza yenye maandishi chini. Faili la maandishi lipewe jina lilelile la video, herufi kwa herufi, na vikae folda moja, la sivyo televisheni nyingi haziyasomi. Maandishi yakitangulia sauti, kwenye programu ya VLC ya kompyuta bonyeza H kuyachelewesha. Yakichelewa, bonyeza G. Kila mbonyezo ni sehemu 50 za elfu ya sekunde, kwa hiyo yakikosea sekunde moja ni mibonyezo 20. Na flashi iliyofomatiwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili linalofika GB 4, hata kama nafasi ipo. Ukiambiwa flashi ni mbovu, waambie waifomati kwa mfumo wa exFAT kwanza, baada ya kuhakikisha televisheni yako inaisoma.

Anayeanza kabisa, tazama sizoni ya kwanza yote, vipande kumi, bila kugusa kitabu. Kisha soma ile sura ya "A Son for a Son" kabla ya kuanza sizoni ya pili. Si ndefu. Ukifika mwisho wa kipande cha kwanza, msimamishe Helaena pale anapoinua kidole, uutazame uso wake. Yupo pale akiigiza maumivu makubwa kuliko aliyoandikiwa, na kila nikimwona mkono unarudi kwenye ile nyota ya tatu. Nimeirudisha. Sina hakika itakaa, maana dirisha bado linamsubiri, na sioni watamfikisha hapo kwa habari gani.