Mita ya upepo wa kompresa: kifaa kizuri, wafungaji wanaoogopa ngazi

Mita yenyewe naipa nyota nne na nusu. Ufungaji wa bure uliokuja nayo naupa moja na nusu, na hiyo nusu ni kwa ajili ya kijana wa kuchomelea, maana mkono wake ni mzuri. Jina la duka silitaji. Mita za aina hii zinafanana sana, na niliyoyaona yatamfaa hata anayenunua ya kampuni nyingine.

Mimi ni fundi umeme kwenye kiwanda cha vifungashio, upande wa Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam. Tuna kompresa ya skrubu ya kilowati 37, tangi, draya (mashine ya kukausha hewa), halafu bomba la inchi mbili linalopita juu ya ukumbi mzima likigawa upepo kwa mashine za kukata na kubandika. Kila bili ya umeme ikija meneja anauliza upepo unakula kiasi gani, na miaka yote jibu letu lilikuwa "mwingi". Safari hii akakubali kutoa hela tupime. Milioni tatu na ushee, VAT ndani, pamoja na kebo ya mita 5. Boli valvu (koki ya kufungua na kufunga) na soketi ya kuchomelea (kipande kifupi chenye tredi cha kushikilia valvu kwenye bomba) unajitafutia mwenyewe. Sisi tulivipata Gerezani.

Tulichonunua ni mita ya kuchomeka, inayopima kwa joto. Ni fimbo ya chuma kisichoshika kutu, unene wake milimita 10, na nchani ina sensa mbili ndogo. Moja inapima joto la hewa inayopita, nyingine inatiwa moto kidogo kwa umeme. Upepo ukipita unaipoza ile ya moto; ukizidi upepo, unahitajika umeme zaidi ili isipoe, na hapo mita inajua ni hewa kiasi gani imepita. Ndiyo maana haihitaji sensa ya presha pembeni yake, wala ndani hakuna kinachozunguka kikaja kuchoka. Adui yake mkubwa ni maji. Tone likiigusa sensa linaipoza ghafla, na mita inaamini umepita upepo ambao haupo. Kwa unyevu wa huku pwani, ukiifunga kabla ya draya utakuwa unapima mvuke wa bahari.

Sasa ugomvi. Jamaa wa duka walikuja wawili, wakaangalia juu, wakaangalia chini, wakachagua sehemu iliyo usawa wa kifua, kama sentimita 30 baada ya elbo (kona ya bomba) inayotoka kwenye draya. "Hapa mkuu utasoma kioo bila shida." Kioo ningesoma bila shida, ndiyo, ila ningesoma uongo. Hewa ikipinda kwenye elbo haitoki imenyooka. Inatoka inajisokota na kuegemea ukuta mmoja wa bomba, na sensa yenye upana wa ncha ya kalamu inapima pale tu ilipo. Karatasi yao wenyewe ya maelekezo inataka urefu ulionyooka wa mara 20 ya kipenyo cha bomba kabla ya mita, na mara 5 baada yake. Kwa bomba la inchi mbili hiyo ni mita moja na kidogo nyuma, na kama sentimita 26 mbele. Kabla yake kukiwa na valvu iliyofunguliwa nusu, urefu huo hautoshi hata kidogo.

Niliwaonyesha kipande kinachopita juu ya korido ya stoo, kimenyooka zaidi ya mita tatu, hakina tii (tawi la bomba) wala valvu. Tatizo lake ni moja, kinahitaji ngazi. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Mkubwa wao akasema wateja wengine wote wanafunga pale pale karibu na draya na hawajawahi kulalamika. Nikamjibu kwamba hawawezi kulalamika, hawana kingine cha kulinganishia. Ngazi ikaja.

Kuchomelea kulifanyika Jumapili, bomba likiwa halina presha. Bomba letu ni la mabati ya zinki, na hapo ndipo nilipomkubali yule kijana: kabla ya kushika holda alichukua grenda akaisugua zinki yote mpaka chuma kikaonekana, akaomba feni iwekwe nyuma yake. Moshi mweupe wa zinki unaleta homa, na wachomeleaji wengi wanauvuta hivyo hivyo halafu jioni wanakunywa maziwa. Soketi ya nusu inchi ikakaa wima, juu ya mgongo wa bomba, ili maji yakipita yapite chini ya sensa. Kisha boli valvu, kisha tundu likatobolewa kwa biti ya 13 kupitia ndani ya valvu yenyewe. Faida ya mpangilio huu ni kwamba hata miaka miwili ijayo, mita ikihitaji kwenda kupimwa upya, unaichomoa na kufunga valvu bila kuzima kiwanda.

Kuichomeka ndiko kunataka utulivu. Fimbo ina mistari ya milimita ubavuni. Unachukua nusu ya kipenyo cha nje cha bomba, kwetu 60.3, kwa hiyo 30, unajumlisha urefu kutoka mgongo wa bomba hadi mdomo wa nati ya juu, na jumla hiyo ndiyo namba ya mstari unaotakiwa kulingana na nati. Ncha inakuwa imefika katikati ya bomba. Mshale uliochorwa kichwani uelekee unakokwenda upepo, na usikadirie kwa jicho kutoka chini ya ngazi. Halafu kitu ambacho karatasi imekiandika kwa herufi ndogo sana: bomba likiwa na bar 7, fimbo ya milimita 10 inasukumwa nje kwa nguvu ya kilo tano na nusu hivi. Si nyingi, mkono unaizuia. Lakini ukilegeza nati huku uso wako uko juu yake, inakuja usoni. Mnyororo wa usalama umo kwenye boksi, na walitaka kuuacha humo humo.

Jambo la kipenyo cha ndani linastahili aya yake. Mita hii inapima mwendo wa hewa, kisha inazidisha na eneo la ndani la bomba ulilomwambia. Ukimdanganya eneo, umedanganya kila kitu. Kiwandani ilikotoka walishaweka milimita 53.1, yaani bomba la inchi mbili la unene wa kati, na jamaa walikuwa wanaiacha hivyo. Stoo tulikuwa na kipande kilichobaki tulipofunga bomba. Nikakiwekea kalipa: 51.4. Letu ni lile zito. Tofauti inaonekana ndogo, lakini eneo linakwenda kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo mita ingezidisha kwa karibu asilimia 7 kila saa, usiku na mchana. Kubadilisha namba kwenye menyu ni kazi ya dakika moja, na menyu hiyo naisifia kabisa. Vitufe viwili, hakuna kubahatisha.

Kwenye waya ndiko nilikowatoa kabisa nikamalizia mwenyewe. Plagi ni M12 ya pini tano: kahawia, nyeupe, bluu, nyeusi, kijivu. Inataka volti 24 za DC, na inatoa vitu viwili kwa pamoja, mkondo wa miliampea 4 hadi 20 na Modbus, yaani namba zinazotumwa kidijitali kwa nyaya mbili. Wao walitaka kuchota umeme kwenye pawa saplai ile ile inayolisha solenoidi za mashine. Solenoidi ikizimwa inarusha mshindo wa volti kwenye waya, na mita ya milioni tatu si mahali pa kupokelea mishindo. Nikaweka pawa saplai ndogo ya peke yake. Pia wakataka kupitisha kebo kwenye tranki moja na kebo za invata (vifaa vya kubadili kasi ya mota, vyenye kelele nyingi za umeme) kwa sababu nafasi ilikuwepo. Hapana. Kebo yangu inapita upande wa pili wa boriti, na wavu wake wa kinga umetiwa ethi upande wa paneli tu; ukiutia pande zote mbili unaufanya njia ya mkondo, na namba zinaanza kucheza.

Mwingine aangalie hapa: mkondo wa mita hii unatoka ukiwa na nguvu yake mwenyewe. Pembejeo (mlango wa kupokelea ishara) ya PLC yetu, kompyuta ndogo inayoendesha mashine, nayo ilikuwa imesetiwa kutoa volti 24 kwa sensa za waya mbili. Mkubwa wao alikuwa ameshaviunganisha vikitazamana, saplai dhidi ya saplai, na mkono uko kwenye swichi. Nilimzuia. Baada ya kubadilisha seti ya pembejeo, testa ilionyesha miliampea 4.00 valvu kuu ikiwa imefungwa, ndivyo inavyotakiwa. Sifuri kamili ingekuwa na maana waya umekatika. Modbus ilikaa kimya mwanzoni, nikageuza nyaya zake mbili, A na B, ikaongea. Watengenezaji hawakubaliani ipi ni ipi, na kuzigeuza hakuunguzi kitu. Laini hiyo ya Modbus inataka pia vipingamizi vya om 120 viwili, mwisho huu na mwisho ule. Havimo kwenye boksi.

Tukafungua upepo. Kompresa ikiwa imebeba mzigo wote, kioo kikaandika kubu (mita za ujazo) 318 kwa saa. Bati la kompresa linasema kubu 6.2 kwa dakika, sawa na 372 kwa saa. Meneja akageuka kuniangalia kama mtu aliyeuziwa mbuzi mgonjwa. Lakini mita ilikuwa bado inahesabu kwa nyuzi 0 na presha ya usawa wa bahari, na kompresa hupimwa kwa kiwango cha ISO 1217, nyuzi 20 na bar 1, hewa kavu. Hewa ile ile ikihesabiwa hivyo inaongezeka kama asilimia 8.7. Nikabadilisha kwenye menyu, ikasoma 346. Pengo lililobaki ni la Dar es Salaam yenyewe: kompresa inavuta hewa ya nyuzi 33, nyepesi kuliko ya nyuzi 20, na sehemu yake ni mvuke ambao draya inautoa kabla haujafika kwenye mita. Ukipiga hesabu ya joto na unyevu unafika karibu pale pale. Hapo ndipo nilipoiamini.

Thamani yake ilionekana usiku wa Jumapili, mashine zote zimezimwa, valvu kuu iko wazi. Mita inasoma 84. Hakuna anayetumia upepo, na kubu 84 kila saa zinaondoka, karibu robo ya kompresa nzima. Kwa kompresa ya namna hii kubu moja inakula kama uniti 0.12, basi fanya mwenyewe hesabu ya uniti kumi kila saa kwa kazi ya kupuliza hewa hewani. Tulipita na maji ya sabuni kwenye brashi kutafuta panapovuja. Mavujo mengi yalikuwa kwenye viungio vya kusukumiza vya plastiki nyuma ya mashine za kubandika, na kwenye vikombe vya kuchujia maji ambavyo mtu aliviacha wazi kidogo ili "vijitoe vyenyewe". Sasa inasoma 41, na sehemu iliyobaki najua iko wapi, inasubiri spea.

Nusu nyota niliyoikata kwa mita: kioo chake kinaelekea upande mmoja tu, hakizunguki, kwa hiyo kutoka chini ya ngazi husomi chochote, unategemea paneli. Na cheti cha kalibresheni kilikuja kama picha ya simu, nikalazimika kudai karatasi.

Mwenye bomba la inchi moja au chini ya hapo asinunue hii. Fimbo ya milimita 10 inaziba sehemu kubwa mno ya bomba dogo, na kosa la milimita moja kwenye kina linaharibu kipimo. Achukue ile inayokuja na kipande chake cha bomba, kilichopimwa pamoja na sensa kiwandani. Unakata, unatia tredi, unakiunga katikati.