Waleti ya ngozi Kampala: tazama ukingo kwanza, bei baadaye

Malalamiko ya waleti yanayotoka kwa wasomaji karibu yote yanaanzia pembeni. Rangi ya ukingo imebanduka, tabaka zimeachana, na sasa kadi inachungulia mahali ambapo haikuingilia. Muuzaji alikuwa ameapa kwamba ni ngozi oriji, na huenda hakudanganya. Ngozi inaweza kuwa ya kweli kabisa, kazi ya ukingo ikawa ovyo.

Kwa hiyo sitagusa rangi gani inapendeza wala waleti ibebe kadi ngapi. Hayo kila mtu anajua anachotaka. Hapa waleti zinapangwa kwa ukingo wake.

Namna ya kuusoma

Washa tochi ya simu, fungua waleti, itazame kwa ubavu. Ngozi ya tabaka la juu ina nyuzi zilizobanana sana upande wa nje, zikilegea kidogo kidogo kuelekea ndani, bila mstari wa kuzitenga. Ukiona utando mwembamba wa plastiki umekalia nyuzi nene zilizolegea, hiyo ni ngozi ya tabaka la chini iliyopakwa sura. Pasipo na nyuzi hata moja, pana unga uliokandamizwa tu, ni mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi. Hayo hayachukui mwaka mzima kwenye mfuko wa nyuma wa mtu anayepanda boda kila siku.

Rangi nene ikiwa imefunika kila kitu, chungulia mdomo wa mfuko wa kadi ulio ndani zaidi. Viwandani huwa hawajisumbui kupaka hapo.

Kisha ukunje ukingo kwa kidole pale waleti inapokunjikia katikati. Rangi iliyopakwa mara moja kwa wingi huonyesha nyufa papo hapo. Rangi nzuri hupakwa tabaka nyembamba tatu hadi tano, kila moja ikikauka na kupigwa msasa kabla ya inayofuata. Kazi hiyo inakula muda, ndiyo maana wengi wanairuka.

Na wale wanaowasha kiberiti cha gesi chini ya waleti pale soko la Owino ili kukuthibitishia? Moto wa sekunde mbili hauthibitishi kitu. Hata mabaki yaliyosagwa yanaweza kuuvumilia.

Kwa nini ukingo unaachana

Sababu ya kwanza ni gundi isiyofika mwisho. Fundi akiacha hata milimita mbili kavu, jasho na unyevu huingia hapo, na msimu wa mvua unamaliza kazi. Ya pili ni mshono uliokaa vibaya. Kwa waleti, milimita 3 kutoka ukingoni ni sawa. Chini ya 2, uzi utaikata ngozi. Ukizidi 4, ukingo unafunguka mdomo. Matundu nayo yaachane milimita 3 hadi 4. Yakisongamana, ngozi inachanika kwenye mstari kama karatasi ya stempu.

Sababu ya tatu hawaisemi kabisa: kipande cha nje lazima kiwe kirefu kuliko cha ndani kwa milimita 5 au 6. Vikiwa sawa, kila ukifunga waleti cha ndani kinajikunja na kuusukuma ukingo utoke kwenye gundi. Ifungue hadi ilale tambarare. Kipande cha nje kikibaki na kauvimbe kadogo katikati, fundi anajua hesabu yake.

1. Ya kuagiza kwa fundi, ngozi iliyosindikwa kwa magome

Hii haina mpinzani. Kusindika kwa kromu, yaani chumvi za kemikali, huchukua kama siku moja. Kwa magome ya miti kama miwati huchukua wiki kadhaa. Tofauti unaiona ukingoni. Ngozi ya magome ni ngumu kiasi, kwa hiyo ukikata kona zake, ukaipiga msasa namba 220, kisha 400, kisha 600, ukapaka gamu (dawa ya kulaza nyuzi) kidogo na kuisugua kwa mti au turubai, nyuzi zinalala na kung'aa. Hakuna rangi, basi hakuna cha kubanduka. Ikichakaa unaisugua upya kwa nta ya nyuki, dakika chache tu. Ngozi ya kromu hubaki laini, haishiki mng'ao huo hata uisugue mpaka jioni.

Upendeleo wangu uko wazi: fundi akiwa na ngozi ya kiwanda cha Badalassi Carlo kutoka Toscana, Italia, hasa ile inayoitwa Pueblo, mpe kazi. Ni ya magome, imeshiba mafuta, na uso wake wenye mikwaruzo unalainika na kung'aa kwa kushikwa. Uzi uwe Ritza Tiger wa Ujerumani, milimita 0.6. Gamu ya ukingo iwe Tokonole ya Japani. Kuna vingine vinavyofaa, lakini hivi vitatu vikikutana hutajuta.

Mshono uwe wa mkono, sindano mbili, uzi mmoja ukipita kila tundu kutoka pande zote mbili. Uzi ukikatika sehemu moja, tundu za jirani zinabaki zimeshikwa. Wa cherehani ukikatika unaanza kufumuka.

2. Ngozi ya mbuzi, ukingo wa kukunjwa

Mbuzi wa Mubende wanasifika kwa ngozi, na sifa hiyo wanaistahili. Hapa ukingo haupakwi. Ngozi inanyolewa hadi milimita 0.5 kwenye ukanda wa sentimita moja, kisha inakunjwa kuelekea ndani na kushonwa. Kagua pembe: mikunjo midogo mingi, si donge moja. Uliza pia ndani kuna nini. Kadibodi ikilowa inavimba na hairudi.

3. Saddleback Leather ya Marekani

Kampuni hii inatoa dhamana ya miaka 100, nayo si ya kubahatisha. Tatizo ni kuifikisha. Tangu Julai 2022 bidhaa za ngozi ziliwekwa kwenye daraja la ushuru la 35% la Jumuiya ya Afrika Mashariki, na juu yake kuna VAT ya 18%. Mzigo wa thamani ya 100, usafiri na bima vikiwemo, unagonga karibu 159 kabla ya tozo nyingine.

4. Za vioo vya maduka makubwa

Cherehani, kromu, rangi ya ukingo mara moja. Bei imekaa karibu na ya fundi, ubora haujakaribia. Muhuri wa Genuine Leather unakuambia kuna ngozi mahali fulani humo, haukuambii ya tabaka gani.

5. Reksini (ngozi bandia) za maduka ya Kikuubo. Za dharura.

Linaloudhi zaidi ni kwamba ngozi ya ng'ombe wa hapa husindikwa nusu, kwa kromu, pale Jinja na kwingineko, ikasafirishwa nje ikiwa bado na rangi ya buluu na majimaji, halafu fundi wa Katwe ananunua ngozi iliyomaliziwa ugenini kwa bei ya ugenini. Mteja naye anamwambia apunguze. Waleti moja ya kukunja inakula karibu futi mbili za mraba za ngozi na saa sita hadi kumi za mkono. Anayekuuzia "ya mkono" kwa bei ya sahani ya luwombo, jua mkono uliohusika ulibonyeza cherehani.

Unapoagiza

Sema haya: nje milimita 1.2, kipande cha ndani 1.0, mifuko ya kadi 0.8. Mifuko ya juu ikatwe umbo la T ili isishuke hadi chini. Mifuko mitatu ikishuka yote, ukingo wa chini unafika milimita 4.6 kila upande. Kwa T unabaki 3.0, kwa sababu mfuko wa mbele pekee ndio unaofika. Nenda na noti ya shilingi 50,000, ipimwe kwenye mfuko wake kabla ya kukata. Toa nusu ya malipo, na umwambie fundi akutumie picha ya ukingo baada ya kushona, kabla hajapaka wala kusugua chochote. Anayekataa picha hiyo, mdai nusu yako.