Redio ya betri tatu na kadi ya maktaba: uzoefu wangu

Nianze na hukumu: sijapata burudani nafuu kuliko redio ndogo ya dijitali yenye FM, MW (masafa ya kati) na SW (masafa mafupi), ikiandamana na kadi ya kuazima vitabu. Kasoro zipo, ila nyingi hazihitaji fundi.

Nazungumzia aina ya redio, si kampuni: inaenea kiganjani, inakula betri tatu za AA, ina kioo kinachoonyesha masafa. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiwashe, uingie MW na ubonyeze kitufe cha kupandisha mara moja. Ikitoka 531 ikaenda 540, chukua. Huku kwetu vituo vya MW vimepangwa kila kilohezi 9. Ikitoka 530 kwenda 540, imepangwa Kimarekani, yaani kila 10, na vituo vingi itavigusa kando tu: sauti iliyochuja, au mluzi. Baadhi zina sehemu ya kubadili 9 na 10. Isiyo nayo usiibebe hata kwa bei ya kutupa.

Antena ndiyo inayowachanganya wengi. Kwa MW, kuvuta ule mkonga, yaani antena ya chuma ya nje, hakusaidii chochote. Antena ya MW ni kijiti cha feraiti kilichoviringishiwa waya, kimelala ndani ya redio, nacho huchagua upande. Weka redio mezani, izungushe taratibu. Mara nyingi robo ya mzunguko hugeuza mnong'ono ukawa maneno. SW ndiyo inayotaka mkonga. Hapo ongeza waya wa mita 5 hadi 7: menya ncha, ibane kwenye mkonga kwa kibanio cha nguo, upande wa pili utoe dirishani. Usizidishe urefu ukidhani unaongeza utamu. Redio ndogo huelemewa, vituo vikapandana. Radi zikianza, ondoa waya.

Mngurumo usiokoma kwa kawaida hautoki hewani, unatoka kwenye soketi ya ukutani. Chomoa chaja za simu moja moja, kisha zima taa za LED. Mshukiwa wangu wa kwanza siku zote ni chaja ya bei rahisi.

TBC Taifa, redio ya taifa ya Tanzania, utaipata kwa FM mjini bila jasho. Idhaa za nje, mfano ya Kiswahili ya Deutsche Welle ya Ujerumani iliyoanza 1963, huandika ratiba za masafa kwa saa za UTC (saa ya kimataifa, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu), na hapo watu hukosa vipindi. Kwa Afrika Mashariki toa 3, upate saa ya Kiswahili moja kwa moja. 04:00 ni saa moja asubuhi. 18:00 inabaki 15. Punguza 12, saa tatu usiku. Kwenye SW, usiku tafuta bendi ya mita 49, karibu na megahezi 6. Mchana panda bendi ya mita 25 au 19 (mita zikipungua, masafa hupanda), maana jua likiwa juu tabaka la chini la ionosfera, ile sehemu ya juu ya anga inayorudisha mawimbi ya redio, humeza masafa ya chini.

Betri, au mawe kama wanavyoyaita wazee, usichanganye mapya na machovu. Lile chovu husukumwa na wenzake mpaka livuje. Ukiona unga mweupe kwenye springi na betri zilikuwa za alkali, pamba yenye siki kidogo inautoa. Kausha kabla ya kurudisha nyingine.

Sasa vitabu, ambavyo redio ndiyo inayonitafutia. Mtangazaji hutaja kitabu mara moja akapita, kwa hiyo kalamu ifungwe kwa uzi kwenye redio yenyewe. Andika jina la mwandishi kwanza. Jina la kitabu ni rahisi kulisikia vibaya. Kwenye maktaba zinazotumia namba za Dewey, yaani za kupanga vitabu kwa mada, fasihi ya Kiswahili iko 896.392 na lugha yenyewe 496.392. Uhakiki wa ushairi ukiukosa rafu moja, jaribu nyingine. Ulizia pia chumba cha vitabu vya Afrika Mashariki. Kwenye maktaba kubwa mara nyingi hutengwa, na vya humo husomwa palepale.

Kabla mkutubi hajagonga muhuri wa tarehe, pekua namba za kurasa, hasa 20 za mwisho. Riwaya za jalada jepesi zimeshikwa kwa gundi tu, na za mwisho ndizo hung'oka. (Aliyeondoka nazo anamjua muuaji; wewe hutamjua.) Mwonyeshe mkutubi pengo hapo hapo, la sivyo deni ni lako. Ukurasa ukilegea nyumbani, usibandike selotepu: itageuka njano na kuacha ulenda. Urudishe ndani ya kitabu, useme.

Kikilowa, usikianike juani; kurasa hujikunja na gundi hupasuka. Chomeka karatasi nyeupe kila baada ya kurasa chache, zibadilishe zikilowa, na feni ipulize kwa mbali. Kikishakauka, kilaze chini ya kitu kizito usiku kucha.